Aliniuliza Habari za Mchanga

Kibirizi, Kigoma. Jumamosi jioni.

Leo nimelijibu swali ambalo nilipaswa kulijibu miezi mingi iliyopita, na ninaandika kabla sijalala ili nisije nikayasahau maneno yalivyokwenda.

Mimi ni muuza dagaa. Mtu wa mbali aweza kudhani kwamba dagaa wote ni wamoja, lakini mnunuzi wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, anajua kuwa wapo waliokaushwa juu ya vichanja na wapo waliotandazwa chini, na kwamba hawa wa chini huja na mchanga ambao mlaji huugundua anapotafuna. Mchanga una uzito. Anayepima kwa kilo bila kuchekecha anauza ufukwe kwa bei ya kitoweo, wala si rahisi kumkamata, kwa kuwa mzigo ukishapanda treni kuelekea Tabora au Dar es Salaam hakuna ajuaye mchanga ule uliingilia wapi. Vichanja vyangu havitoshi, hasa siku za giza, mwezi usipoonekana, ambapo mitumbwi hupata sana, kwa hiyo sehemu ya mzigo wangu bado hukaukia chini. Ndiyo maana huchekecha kabla ya kupima. Kazi hiyo hunila muda, na siwezi kusema kwamba sijawahi kupiga hesabu moyoni ya fedha zinazobaki chini ya chekeche.

Nilianza kufanya hivyo kwa sababu ya imani. Kitabu cha Mithali kinasema kwamba mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, nami nilikuwa nimeimba kwaya miaka mingi kabla sijatambua kwamba neno lile linauhusu mzani wangu mwenyewe, huu uliofungwa kamba kwenye mti wa kibanda.

Sasa, kiangazi kilichopita mteja wangu mmoja, mama wa Ujiji, Mwislamu, mwenye umri wa mama yangu mzazi, alisimama akanitazama nikichekecha, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mbona unajipunguzia? Nani kakutuma?" Nikamjibu, "Ni utaratibu wangu tu, mama." Alilipa, akaenda zake. Nilikuwa nikiamini kwamba kazi njema hujihubiri yenyewe, na kwamba mjini kwetu, ambako misikiti na makanisa ni majirani, ni adabu kunyamaza. Lakini jibu lile lilinichoma, kwa maana niliposema "utaratibu wangu" nilijitwalia sifa isiyokuwa yangu. Mama yule hakupata kumjua aliyenifundisha. Alipata kunijua mimi tu.

Katika miezi hiyo nilimfikiria mara nyingi Adrien Atiman, aliyeishi Karema, kusini mwetu kando ya ziwa letu hili la Tanganyika. Alitekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa na wamisionari, akasomea udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kuwatibu watu hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Hakuwa padre. Alikuwa daktari na katekista, kazi mbili ndani ya mtu mmoja, na mgonjwa aliyetaka kujua kwa nini anahudumiwa hakukosa wa kumweleza.

Leo asubuhi mama yule alikuja tena. Baada ya shikamoo na marahaba nilimwambia, "Mama, uliwahi kuniuliza habari za mchanga, nami sikukujibu." Akasema alijua kuwa sikumjibu. Nikamweleza kwamba ninachekecha kwa sababu mimi ni Mkristo na namwogopa Mungu katika mzani. Aliitikia kwa kichwa, akaniambia kwamba hata wao wameonywa katika Kurani, ole wao wanaopunja vipimo. Ni kweli, na mama huyu mwenyewe sijawahi kumwona akimpunja mtu.

Basi ikanibidi niseme lililo ndani zaidi. Mwaka 2024 Serikali iliposimamisha uvuvi ziwani kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei, nilikuwa nimekwisha kupokea fedha za tajiri mmoja kwa ajili ya mzigo, na fedha zile nilikuwa nimezitumia. Nilikwenda kwake nikitetemeka, naye akanisamehe deni lote. Nilimwambia mama kwamba tangu siku ile nimeelewa vizuri zaidi ninachokiamini juu ya Yesu Kristo: kwamba amenifutia deni nisiloweza kulilipa, na kwamba sichekechi ili nikubaliwe na Mungu, bali kwa kuwa nimekwisha kukubaliwa, na mtu aliyesamehewa kiasi hicho atawezaje kumwibia mwenzake kwa mchanga?

Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Na huyo tajiri wako, ni Mkristo?"

Nikamjibu ukweli, "Hapana, mama. Ni Mwislamu, wa kwenu Ujiji."

Alikaa kimya kidogo, akasema, "Basi mwombee." Nikamwambia kwamba namwombea kila siku kwa jina la Yesu. Akasema, "Haya, nimekusikia, mwanangu," akanishika mkono, nasi tukasaidiana kulipandisha gunia lake kwenye bajaji.