Stata inaburuza asubuhi ya baridi: nilivyokamata tatizo kwa mita

Gari yangu ilianza tabia moja inaudhi kweli, kukiwa na baridi asubuhi unawasha stata inazunguka kivivu, nguuu... nguuu... nguuu, halafu mchana jua likishapanda unagusa tu imewaka. Karibu kila niliyemuuliza jibu lake betri hiyo, nunua nyingine. Mi nikasema ngoja kwanza nipime kwa mita ya umeme, maana betri ni pesa, na kama siyo yenyewe unakuwa umetupa kitu kizima na ugonjwa bado upo pale pale.

Injini kuzunguka taratibu ni jambo moja, injini kuzunguka vizuri ila haishiki ni jambo jingine kabisa. Hilo la pili nenda kwenye mafuta, plagi, sensa ya joto la injini, na kama ni dizeli hita plagi. Yangu ilikuwa ya kwanza, kwa hiyo nikabaki na mawili, oili nzito au umeme haufiki kwenye stata. Ndani kulikuwa na 5W-30 ambayo baridi haiisumbui sana, ingekuwa 20W-50, ambayo ni nzito zaidi, ningeanza na hiyo.

Betri nikaipima asubuhi gari ikiwa imelala usiku kucha, mita ikasoma volti 12.6, imejaa hiyo. Ikisoma 12.4 ni kama robo tatu, ikifika 12.0 chaji imebaki kidogo sana. Ila usiishie hapo jamani! Betri iliyotulia inaweza kukusomea vizuri halafu ikibebeshwa mzigo inaanguka. Nikachomoa fyuzi ya pampu ya mafuta ili gari isiwake, mdogo wangu akapiga stata sekunde chache mi macho kwenye mita, ikashuka mpaka 10.6 ikasimama hapo. Betri iliyochoka ingeshuka chini ya 9.6. Sasa betri nzima, stata bado inaburuza, umeme unapotelea njiani wapi?

Hapa ndo penyewe. Waya mwekundu wa mita nikauweka kwenye chuma kitupu cha injini, mweusi juu ya nguzo yenyewe ya negativu, ile risasi ya betri, sio kwenye klempu ya waya inayoibana. Mdogo wangu akapiga tena. Hapo unapima volti zinazopotea upande wa negativu, kati ya injini na betri; njia ikiwa safi mita inatakiwa isome chini ya 0.3 hivi, yangu ikasoma 1.4! Upande wa pozitivu, kutoka nguzo mpaka bolti kubwa ya stata, ulikuwa hauna shida, ukiwa chini ya 0.5 uko sawa.

Volti 1.4 zinaonekana chache lakini piga hesabu, stata ikivuta ampea 200 inatosha ukinzani wa 0.007 omu kuzila zote, na kitu kidogo hivyo mita ya kawaida ukiiweka kwenye omu haikioni, ndo maana lazima upime wakati stata inafanya kazi. Na baridi inaongeza, oili inakuwa nzito, stata inavuta ampea nyingi zaidi, kadiri inavyovuta ndo volti nyingi zinapotea njiani, na betri nayo kwenye baridi nguvu inapungua. Mchana vyote hivyo vinalegea, gari inaonekana imepona.

Nikahamisha waya za mita hatua kwa hatua. Betri mpaka bodi, karibu sifuri. Bodi mpaka injini, zote 1.4 ziko hapo. Kuhakikisha, nikachukua waya mmoja wa kubustia nikaunganisha negativu ya betri moja kwa moja na injini, stata ikazunguka na ubaridi wote ule kama mchana.

Nikatoa klempu ya negativu kwanza ndo nikafungua ule mkanda wa nyuzi za shaba unaounganisha bodi na injini. Chini ya bolti kutu na unga wa kijani, na upande wa ndani ambao huuoni ukiwa umesimama nyuzi nyingi zimeshakatika. Nikafunga mpya, nikasugua bodi na injini kwa msasa mpaka chuma king'ae, nikakaza, grisi nikapaka juu mwishoni. Kupima tena, 0.1.

Kama kwako pande zote mbili zinasoma vizuri na betri imefaulu, hapo sasa shusha stata uangalie vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme ndani yake, na bushi zinazoshika shafti yake.