Kengele niliyomvalisha mbwa wa jirani

Mtaalamu mmoja wa mifugo alipita kwetu Mambasa, akamtazama jike langu, mkia umejikunja juu ya mgongo kama kamba, akasema, "Mbwa bubu huyu. Tafuta dume la Kizungu uboreshe damu." Wamarekani walifunga safari mwaka 1987, wakarudi tena 1988, hadi huku kaskazini-mashariki ya Zaire ya wakati ule, kutafuta mbwa kama huyu huyu, maana basenji wao, mbwa wa Kongo wasiobweka wanaofugwa huko kwao, walitokana na mababu wachache na ugonjwa wa figo uliwaandama. Halafu mimi ndiye niboreshe damu!

Bubu si kweli pia. Habweki, ila akifurahi huimba kama mzee anayetafuta sauti kanisani.

Nilitaka watoto wa damu yake safi, na adui wangu alikuwa dume la jirani, kizazi cha mbwa waliokuja na malori. Jike la asili hutaka dume mara moja tu kwa mwaka. Ukizembea siku hizo, mwaka umekwenda. Mara ya kwanza nilimfungia jikoni, nikaegemeza gogo mlangoni, nikalala fofofo. Dume akachimba chini ya ukuta. Walizaliwa wanne, nikawasifu kwa kila mgeni, na daftarini nikaandika "safi", mpaka siku walipoanza kubweka.

Mwaka uliofuata nikawakumbuka Bambuti, wawindaji wa msitu wetu wa Ituri. Kwa kuwa mbwa wao hawabweki, huwafunga kengele za mti shingoni wawasikie porini. Njiani huzijaza majani zinyamaze. Mimi nikamvalisha kengele dume la jirani! Mzee mmoja alinichongea kwa chumvi na sabuni, labda dola tatu, na kuivalisha kulikula samaki wawili na kidole changu kimoja kiling'atwa.

Asubuhi jirani akaja: "Papa, nani amegeuza mbwa wangu mbuzi?" Nikamwambia ni zawadi.

Usiku wa tatu, ko-ko-ko nyuma ya nyumba, nikatoka na ndoo ya maji. Wa nne vilevile. Wa tano kimya, nikajisifu, kumbe amechimba mpaka kengele imejaa udongo! Ndiyo mipango ya mtu mjanja. Yaliyoniokoa ni mawe niliyozika chini ya ukuta.

Dume nililolitaka lilitoka kambini kwa Bambuti. Walizaliwa watatu, mmoja nimewarudishia wenyewe kama tulivyopatana. Miezi minne sasa, hakuna aliyebweka. Jirani ameomba mmoja. Nimemwambia kwanza dume lake lihasiwe.