Siku Yangu na Koa Katika Chekechea, Kakamega

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla mtoto yeyote hajafika, huanzia kazi yangu kwenye kishamba cha sukuma wiki kilicho nyuma ya darasa, ambako jana jioni nilitandaza gunia lililoloweshwa maji. Koa hutembea na kula usiku, na kunapopambazuka hutafuta mahali penye giza na unyevu, kwa hiyo anayelifunua gunia kama hilo wakati wa mvua za masika hakosi kuwakuta wametulia chini yake. Leo wapo sita. Ninawachota kwa kijiko, ninawaweka katika bakuli lenye udongo wenye majimaji na majani yaliyooza, kisha ninalifunika kwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa.

Saa mbili tunaita majina, tunasali na kuimba.

Saa tatu huanza shughuli za mazingira, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Watoto wangu wana umri wa miaka minne na mitano, nao wamekaa kwenye mikeka katika vikundi vidogo, kila kikundi kikiwa na koa wake kwenye sahani iliyolowa. Sharti ni moja: tutatazama, tutamgusa kwa unyasi, lakini hatutamshika kwa mkono wala kumkaribisha mdomoni, kwa sababu koa anaweza kubeba viluwiluwi vya minyoo inayodhuru binadamu. Baada ya hapo ninanyamaza. Naamini kwa dhati kwamba mwalimu wa chekechea anayeharakisha maelezo humnyang'anya mtoto nafasi ya kuuliza, na kwamba mnyama anayetembea polepole kiasi hiki ni zawadi kwa darasa la watoto wadogo, maana hata yule anayechelewa kuona huwahi kuona.

Swali la kwanza linahusu miguu. Badala ya kujibu, ninamweka koa mmoja juu ya kipande cha kioo ambacho kingo zake nimezifunga kwa utepe mzito, ninasubiri aanze kutambaa, kisha ninakiinua juu ya vichwa vyao ili wamwone kwa chini. Mawimbi membamba yanapita kwenye nyama ya tumbo, yakianzia mkiani kuelekea kichwani, huku ute ukimwezesha kuteleza. "Mwalimu, anatembea kwa tumbo!" anasema msichana mmoja, na sina la kuongeza.

Wanapomgusa kwa unyasi, pembe zake zinaingia ndani, kisha zinachomoza tena. Tunazihesabu pamoja: ndefu mbili za juu, zenye macho kwenye ncha, na fupi mbili za chini ambazo humsaidia kunusa na kupapasa. Halafu linakuja jambo lililotuchukua muda mrefu zaidi. Koa wa aina tuliyoipata leo wana ngozi nene iliyojikunja mgongoni karibu na kichwa, na ubavuni mwake kuna tundu dogo linalofunguka na kufumba, ambalo koa hulitumia kuvuta hewa. Tundu liko upande gani? Wengine wanasema kulia, wengine kushoto, na ubishi unapamba moto, kwani baadhi yao wameketi mbele ya koa na wengine nyuma yake. Ninawaomba wote wazunguke na kusimama nyuma yake, wainue mkono ulio upande wa tundu. Mikono yote ya kulia inapanda. Tunakagua koa wote sita, na jibu ni lile lile.

Saa nne ni uji, baada ya kunawa. Waliopakwa ute kwa bahati mbaya wanajifuta kwanza kwa kitambaa kikavu, kwa sababu ute huo ukikutana na maji huvimba na kunata zaidi, ndipo wanaosha kwa sabuni.

Saa tano tunapanga chakula katika bakuli: jani bichi la sukuma wiki, jani lililogeuka manjano, kipande cha tango na kipande cha karoti. Kila mtoto anaweka kokoto karibu na chakula anachodhani kitaliwa kwanza. Mvulana mmoja anasema kwamba kwao huwamwagia chumvi. Ninamweleza kwa maneno yanayolingana na umri wake kwamba mwili wa koa umejaa maji, na chumvi huyavuta maji hayo nje hadi anakufa.

Saa sita nyanya mmoja anayemchukua mjukuu wake ananiuliza, "Mwalimu, hawa wanatumalizia mboga, nawe unawafundisha watoto kuwapenda?" Swali lake ni la haki, maana mboga hizo ndizo chakula cha nyumbani. "Nyanya, nawafundisha kuwajua," ninamjibu. Ninamweleza habari ya gunia: akilitandaza jioni na kulifunua alfajiri, atawaokota wengi kwa mara moja na kuwapelekea bata, bila kutia chumvi kwenye udongo anaoutegemea kwa mboga zake.

Saa nane, mvua ya alasiri ikianza kukusanyika, ninawarudisha koa wanne chini ya majani makavu ya migomba, mbali na sukuma. Wawili wanabaki bakulini hadi kesho saa tatu, ambapo tutatafuta matundu kwenye kila chakula na kuyalinganisha na kokoto za watoto.