Kuchagua spika kwa nyumba za matofali na marumaru

Mtu anaponiuliza anunue spika gani za kusikilizia muziki nyumbani, mimi humuuliza kwanza urefu na upana wa sebule yake, na mahali lilipowekwa kochi. Wengi hushangaa, kwa kuwa walitarajia nitaje majina ya kampuni na idadi ya wati. Lakini kwa sauti zote zilizo chini ya hezi 200 hivi (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde), yaani gitaa la besi, ngoma kubwa na noti za chini za kinanda, chumba kina kauli kubwa kuliko spika yenyewe, na spika ya bei kubwa iliyowekwa mahali pasipoifaa hushindwa na ya bei ndogo iliyopata mahali pake.

Sababu ni urefu wa mawimbi. Katika joto la nyuzi 28, ambalo mtu wa Dar es Salaam au Mombasa analijua vizuri, sauti husafiri takriban mita 348 kwa sekunde. Wimbi ambalo nusu ya urefu wake inalingana na umbali kati ya kuta mbili hunaswa baina yake, likienda na kurudi huku likijiongezea nguvu. Kwa sebule ya mita 4 kwa 4, ambayo mafundi wetu huijenga mara kwa mara, wimbi hilo lina hezi 43.5. Noti ya F ya chini kabisa kwenye gitaa la kawaida la besi ina hezi 43.7. Maana yake ni kwamba ukipiga rumba ya Kikongo katika chumba hicho, kila mara mpiga besi anapoigusa F hiyo, sauti huvimba na kukawia kuondoka, ilhali noti za jirani hupita kwa kiasi chake cha kawaida. Msikilizaji atasema kwamba spika zina besi nyingi, kumbe anachokisikia ni noti moja inayozifunika nyingine. Umbo la mraba huzidisha tatizo, kwa sababu urefu na upana huchagua noti ile ile, na kama dari nayo ingekuwa mita 4 hali ingekuwa mbaya zaidi. Kwa bahati nzuri dari zetu nyingi ziko karibu na mita 3, ambazo huchagua hezi 58, na hivyo mzigo hugawanyika kidogo.

Hapa ndipo ninapotofautiana na ushauri mwingi unaosambaa, ambao umeandikwa na watu wa Marekani na Kanada kwa ajili ya nyumba zao. Nyumba nyingi za huko hujengwa kwa fremu za mbao zilizofunikwa bodi za jipsamu, na ukuta wa namna hiyo hutikisika, hunyonya sehemu ya besi na kuiachia nyingine itoke nje. Ukuta wetu wa matofali ya saruji uliopigwa lipu hautikisiki kwa kiasi hicho, kwa hiyo besi hurudi ndani karibu yote, na sakafu ya marumaru hurudisha sauti nyembamba vilevile. Mtu anayefuata ushauri wa huko neno kwa neno, akanunua spika ndefu za kusimama sakafuni zenye wufa mbili (koni kubwa za besi) na tundu la besi kwa nyuma, akazibana kwenye kona za sebule ya mita 4, atakuwa amejinunulia kero.

Kwa chumba cha matofali chenye eneo lisilozidi mita za mraba 16, mimi hupendekeza spika ndogo za juu ya stendi, na ikiwezekana ziwe za sanduku lililofungwa kabisa. Sanduku lililofungwa hupunguza besi polepole kadiri masafa, yaani idadi ya mitetemo, yanavyoshuka, kwa desibeli 12 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa kila oktavu, yaani kila masafa yanapopungua kwa nusu, ilhali lenye tundu huishikilia besi hadi mahali fulani kisha huiangusha kwa desibeli 24. Chumba kigumu chenyewe huongeza besi, na mteremko ule wa taratibu hupokea nyongeza hiyo bila kuvimba. Miaka ya 1970 BBC ilihitaji spika za kusikilizia ndani ya magari ya kurushia matangazo ya nje, na wahandisi wake wakabuni LS3/5A, kisanduku kilichofungwa chenye kimo cha sentimita 30 na nusu tu, ambacho hadi leo kuna watu wanakitafuta kwa hamu. Paul Klipsch, mbunifu wa spika wa Marekani, alikuwa ameshika njia ya kinyume tangu miaka ya 1940: Klipschorn yake ni kubwa kama kabati, na huwekwa kwenye kona kwa makusudi, kwa kuwa kuta mbili za kona hukamilisha tarumbeta yake, yaani mdomo unaopanuka wa kutolea sauti. Zote mbili ni kazi za kuheshimiwa, kwa sababu kila mbunifu alijua chumba chake kabla ya kuchora sanduku. Aliyekwisha kununua spika zenye tundu asivunjike moyo. Kipande cha sponji au soksi zilizoviringishwa na kuingizwa kwenye tundu hupunguza besi kwa namna inayosikika mara moja, na huondolewa bila kuacha alama.

Kuhusu mahali pa kuziweka, kila uso mgumu ulio karibu, iwe ukuta wa nyuma, wa pembeni au sakafu, huweza kuongeza besi hadi desibeli 6, na kona hukusanya nyongeza hizo zote. Lakini ukuta wa nyuma hupunguza pia. Sauti inayorudi kutoka kwake hukutana na ile inayotoka mbele, na pale ambapo umbali kutoka uso wa spika hadi ukutani unalingana na robo ya urefu wa wimbi, mbili hizo hufutana. Kwa umbali wa mita 1, shimo hilo huangukia hezi 87, mahali penye uhai wa gitaa la besi. Kwa sentimita 20, hupanda hadi karibu hezi 435, ambako spika imeanza kuelekeza sauti mbele na ukuta hauna tena nguvu ile ya kuifuta. Mhandisi Roy Allison alilieleza jambo hili kwa vipimo miaka ya 1970, na onyo lake kuu bado ni muhimu: umbali wa wufa hadi sakafuni, hadi ukuta wa nyuma na hadi ukuta wa pembeni usilingane, la sivyo mashimo yote matatu yatakutana kwenye noti moja. Kwa sebule ndogo, basi, ninapendelea spika zisogezwe karibu kabisa na ukuta wa nyuma kuliko kuachwa mita moja mbele yake, mradi tundu lake, kama lipo, lisielekee ukutani.

Kochi nalo ni nusu ya kazi. Likiegemea ukuta, msikilizaji hukaa mahali ambapo kila wimbi lililonaswa lina shinikizo la juu kabisa. Likiwa katikati kamili, ile hezi 43 hupotea karibu yote. Katika chumba cha mita 4, kichwa kikiwa mita 1.5 kutoka ukuta wa nyuma, besi hukaribia ukweli. Spika ziachane mita 2 hivi, msikilizaji awe umbali huo huo kutoka kila moja, na twita (koni ndogo za sauti nyembamba) ziwe kimo cha masikio ya aliyekaa. Fundi wa kuchomelea atatengeneza stendi za vyuma kwa bei nafuu, na zikijazwa mchanga mkavu hazitalia.

Wengi wakisumbuliwa na mvumo hukimbilia mapazia. Zulia nene kati ya spika na kochi ni jambo jema, tena katika chumba cha marumaru ni la lazima. Piga kofi katika sebule tupu utasikia ule mlio wa kukatakata unaoharibu sauti za waimbaji. Ila zulia na pazia hunyonya sauti nyembamba tu. Robo ya wimbi la hezi 43 ni mita 2, na hakuna pazia la unene huo, kwa hiyo chumba kilichosheheni vitambaa huishia kuwa na twita iliyofifia na besi ile ile iliyovimba.

Nyumba za zamani za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar ni habari nyingine, nami nazipenda mno kwa muziki. Upana wa vyumba vyake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, kwa hiyo vingi ni vyembamba, chini ya mita 3, na virefu mara mbili au zaidi. Urefu na upana haviangukii noti moja kirahisi, boriti za darini hutawanya sauti, na penye zidaka (vishubaka) ukutani sauti nyembamba hutawanyika kwa upole ambao hakuna marumaru itakayoutoa. Humo ningeweka spika kwenye ukuta mfupi, zitazame urefu wa chumba, nizigeuze ndani zaidi ya kawaida ili ukuta wa pembeni usipate sauti nyingi, na nitundike kitambaa kizito pale ambapo mtu aliyekaa kwenye kochi angeiona twita kama kioo kingepitishwa ukutani. Kanuni (ile ala ya nyuzi) na fidla za taarabu husikika vizuri mno kwa mpangilio huo.

Kwa wakazi wa pwani wanaonunua spika zilizotumika, nasisitiza jambo moja kabla ya bei: kagua pete inayozunguka koni. Nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zina pete za sponji, ambazo unyevu na joto huzila hadi zikawa unga unaobaki kidoleni. Pete za mpira hudumu zaidi. Bonyeza koni taratibu kwa vidole vilivyopangwa sawasawa, na ikikwaruza ndani, iache dukani hata kama sanduku lake linang'aa.