Siku Moja Maishani Mwangu: Msanifu wa Majengo ya Umma, Kisumu

Saa kumi na mbili asubuhi msimamizi wetu wa ujenzi hunipigia simu kutoka ng'ambo ya Ahero, ambako tunajenga wodi ya uzazi. Mvua ya usiku haikuifunga barabara, kwa hiyo ukaguzi wa leo upo. Watu wakisikia kwamba mimi ni msanifu majengo hufikiria maghorofa ya vioo ya Nairobi. Sheria inayosimamia kazi yetu, Sura ya 525 ya Sheria za Kenya, haimruhusu mtu kujiita kwa jina hilo mpaka asajiliwe na bodi, na kuufikia usajili huo huchukua miaka mingi ya masomo, mazoezi na mitihani. Mimi niliyapitia yote hayo nikachagua kusanifu madarasa, zahanati, masoko na ofisi za machifu, na sijawahi kutamani kazi nyingine.

Saa mbili nipo ofisini kati ya barua na michoro. Kijana anayefanya mafunzo kwetu ameuelekeza ukuta mrefu wa madarasa magharibi ili madirisha yatazame barabara. Ninamwomba aligeuze jengo, kwa sababu sisi tuko karibu kabisa na ikweta na jua la alasiri litawaunguza watoto humo ndani. Madirisha yanapotazama kaskazini na kusini, paa lenye ukingo mpana hutosha kuwapa kivuli.

Saa tatu na nusu tunaondoka, mimi, mhandisi wa miundo na mkadiriaji majenzi, yaani mpiga hesabu za gharama za ujenzi, tukipita Nyamasaria na Rabuor. Uwanda wa Kano una udongo mweusi wa mfinyanzi ambao hufura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na mto Nyando nao hufurika. Ndiyo maana tuliuchimba udongo ule tukautoa, tukashindilia mawe na kifusi, kisha tukaiinua sakafu sentimita 60 juu ya ardhi. Wananchi huniuliza mbona fedha zimekwisha na kuta bado fupi. Swali lao ni la haki, nami huwaonyesha michoro ya msingi, maana sehemu kubwa ya fedha hizo imelala chini wasikoweza kuiona.

Saa tano tunafika, na hapo ndipo siku inapokwama. Kuta ni nzuri kweli. Mafundi wamezipanga tofali kwa mkono wa uangalifu, na ninawaambia hivyo mbele ya wenzao. Lakini njia ya mteremko ya kuingilia wodini ni fupi. Ninaipima kwa futi kamba: mita 3.6. Mchoro unataka kila sentimita moja ya kimo ipewe sentimita 12 za urefu, kwa hiyo sentimita 60 zinahitaji mita 7.2, tena na mahali tambarare pa kupumzikia juu na chini. Mkandarasi amejenga nusu yake, kwa hiyo mteremko umekuwa mkali maradufu.

"Madam, huku kijijini hakuna mtu wa kiti cha magurudumu," ananiambia. Ninamjibu kwamba Ibara ya 54 ya Katiba inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali popote pa umma, wala haisemi kwamba haki hiyo huishia mjini. Anahamia kwenye kalenda: mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni, na nisiposaini hati ya malipo, wafanyakazi wake watalala njaa. Ninamweleza kwamba kazi iliyofanywa ipasavyo nitaiidhinisha yote, ila mteremko huu sitauidhinisha. Anaanza upya tangu mwanzo. Anasema eneo ni dogo. Mkadiriaji anavuta kamba na kumwonyesha nafasi ilivyo kubwa. Anasema kokoto zilipanda bei. Mkadiriaji anamfungulia ukurasa wa makadirio ambao bei yake mwenyewe imeandikwa, kwa urefu kamili. Kisha anapiga simu, na baada ya muda simu yangu inalia, mtu mwenye cheo akiniuliza kwa upole kama jambo hili dogo haliwezi kusubiri. Ninamwahidi kwamba nitamwandikia sababu zangu.

Mama mmoja mzee, mjumbe wa kamati ya zahanati, amekuwa akitusikiliza muda wote huo. "Mwanangu," anamwambia mkandarasi, "kitanda cha kusukuma hakipandi hapo bila wanaume wanne. Mkaza mwanangu akishikwa na uchungu usiku wa manane, wanaume hao nitawatoa wapi?"

Mkandarasi hakukubali, na ubishi uliendelea hadi njaa ikanitia kizunguzungu. Sikulegea, kwa sababu majengo ya umma huishi muda mrefu. Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo watu wa Kisumu bado wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti miaka ya 1960, ingali inatibu wagonjwa. Kosa linaloachwa mlangoni pa hospitali huwasumbua hata wajukuu wa walioliacha.

Alasiri upepo wa ziwani ulileta mvua, tukajibanza chini ya mabati mapya na kuendelea kupima vyumba vilivyobaki. Mkadiriaji aliandika huku maji yakitiririka kwenye karatasi zake. Milango ina upana unaotakiwa. Njia ya kurudi ilitunyima maneno. Kila mmoja alikuwa amechoka.

Usiku, nikiwa mezani, niliandika agizo: mteremko ubomolewe na ujengwe upya kwa gharama ya mkandarasi. Hati ya malipo niliitia saini kwa kuta, lenta na paa, ili vibarua walipwe, nikauacha mteremko nje ya hesabu. Nakala moja nilimtumia yule aliyenipigia simu. Mkandarasi atafika ofisini kesho saa mbili, na mhandisi amekubali kuwapo.