Siku ya 19

Mama yetu alifariki Jumamosi ya tarehe 16 Machi 2019, alfajiri, nyumbani Ngamiani, akazikwa baada ya alasiri. Aliyemshika mkono hadi mwisho ni mwanangu, mtoto wa marehemu dada yangu, aliyekuwa amefika kutoka Uholanzi siku 6 kabla. Aliondoka Tanga ana miaka 11, ameandikwa mtoto wa kike. Alirudi ana miaka 27, sauti inakatikakatika kama ya kijana anayebalehe, na ndani ya begi ana boksi la Sustanon 250, sindano ya testosteroni, homoni ya kiume, na barua ya daktari wake. Mimi ni muuguzi mstaafu. Alikuwa amenipigia simu kabla hajapanda ndege: "Mama mdogo, nimeanza homoni tangu Oktoba 22. Sitaki ushtuke." Nilimuuliza anachomwa kila baada ya muda gani. Akasema kila wiki 3.

Kiswahili chetu hakikutusumbua, maana "yeye" ni yeye. Kazi ilikuwa pa kukaa: wanawake ndani, wanaume nje kwenye majamvi chini ya turubai. Kaka yangu mkubwa alimaliza kwa maneno mawili, "Njoo hapa," akamkalisha ubavuni pake. Makaburini wakaenda pamoja.

Lakini mwanangu hakulia. Watu waliliona hilo upesi kuliko walivyoiona sauti. Ndani kina mama wakaanza kunong'onezana: bibi aliyemlea, na jicho kavu namna ile? Usiku alinifuata jikoni nikichagua mchele wa kesho. "Yanakuja mpaka hapa," akashika koo, "halafu yanarudi. Zamani nilikuwa nalia hata mbuzi akichinjwa."

Wengi wanaoanza testosteroni husimulia jambo hilohilo. Huzuni ipo nzima, kifua kinabana, koo linauma, ila machozi hayavuki. Si wote, wapo wanaolia kama walivyokuwa. Wanaoanza estrojeni, homoni ya kike, mara nyingi husema kinyume chake, kwamba machozi yamesogea karibu. Nilimwambia hivyo, nikamwambia pia asijilazimishe, kwa kuwa kujikamua machozi mbele za watu kunachosha mwili bure. Alimkanda bibi yake miguu usiku 5 mfululizo. Sikuhitaji kuona jicho lake.

Kesho yake, Jumapili, yakatokea mengine. Binamu yake alitamka kwamba kitanda cha marehemu kipelekwe msikitini. Ni shauri la kawaida msibani, halina ubaya. Mwanangu akaruka. Alipaza sauti hadi ikapasuka, mikono inamtetemeka, kisha akaingia chumbani akalala kwa muda wa saa 4, mchana kweupe. Watu wakasema ndiyo hizo homoni za kiume, zinaleta ukali.

Mimi niliona kinyume. Nilimwomba boksi nikasoma karatasi ya ndani. Ampuli moja ya 1 ml ina testosteroni za namna 4 ndani ya mafuta ya karanga: propionati mg 30, fenilpropionati mg 60, isokaproati mg 60 na dekanoati mg 100. Ya kwanza inaachia dawa upesi, ya mwisho inaachia polepole. Ukichomwa ampuli moja, kiwango katika damu hupanda hadi karibu nanomoli 70 kwa lita ndani ya saa 24 mpaka 48, ilhali kwa mwanaume mzima hukaa takriban kati ya 10 na 30. Kuanzia hapo kinashuka, na ikifika kama siku ya 21 kimegusa mpaka wa chini wa kiwango hicho cha mwanaume. Sindano yake ya mwisho ilikuwa Februari 25. Siku ya mazishi ilikuwa siku ya 19, siku ya ugomvi ya 20. Dawa haikuwa imemzidi. Ilikuwa inamwishia.

Nilimwambia afungue simu, atazame ujumbe wa nyuma. Februari 23 aligombana na mwenzake wa kazini. Februari 2 alimwandikia rafiki yake kwamba amechoka na hataki kumwona mtu. Tulihesabu kutoka kwenye sindano za Februari 4 na Januari 14: zote mbili siku ya 19. Alikaa kimya muda mrefu akitazama kalenda. Miezi yote hiyo alikuwa akidhani ndiyo tabia yake mpya.

Vipimo vya damu navyo vilikuwa vimemficha. Walimtoa damu siku ya 10 baada ya sindano, jibu likaja 18, safi. Bila shaka lilikuwa safi, kwa sababu siku ya 10 ni katikati ya mteremko. Anayetumia sindano ya mafuta akiona hasira, uchovu au unyonge unarudi kwa zamu, apimwe pia asubuhi ileile kabla ya sindano inayofuata, ndipo chini kuonekane. Na pamoja na hapo aangaliwe wingi wa chembe nyekundu, maana testosteroni huzizidisha na damu ikawa nzito.

Hata hivyo nilimkataza kuitwisha dawa kila kitu. Alikuwa hajalala vizuri kwa juma zima, amefiwa na aliyemlea, na macho ya mtaa mzima yako mgongoni pake. Mtu yeyote angepandisha sauti. Kosa ninaloliona mara nyingi ni hilo: ndugu wanasema kila hasira ni homoni, na mwenyewe naye anaamini. Homoni inasogeza kizingiti tu. Kinachogonga mlango ni maisha.

Jumatatu tarehe 18 ilikuwa siku ya 21. Dawa ile haitaki joto linalopita nyuzi 30 wala haitaki friji, na Machi Tanga mnaijua. Nilikuwa nimeweka boksi ndani ya chungu kikavu, chungu nimekikalisha kwenye beseni la mchanga uliolowa, uvunguni. Kabla ya kuchoma nilimuuliza kama karanga humdhuru. Akaonyesha kashata aliyokuwa akila. Niliishika ampuli viganjani dakika 5 ili mafuta yalegee, nikayavuta kwa sindano ya kijani, namba 21, kisha nikabadilisha kuweka ya buluu, namba 23, kwa sababu iliyovuta imeshapoteza ukali. Paja, upande wa nje, theluthi ya katikati. Nikavuta bomba kidogo kuona kama damu inarudi, haikurudi, nikasukuma polepole kwa dakika nzima. Ukisukuma haraka mafuta yanajikusanya na kuacha uvimbe unaouma siku 3. Nikamweka akae nami kidogo, kwani mafuta yakiponyoka kuingia mshipani mtu hukohoa ghafla na kubanwa kifua.

Siku mbili zilizofuata ndizo za kilele, nazo zina mambo yake: alitokwa jasho, alikula chapati 6 kwa chai, usingizi ukamkimbia. Aliamka usiku akafagia uwanja wote, akapanga viti vya kukodi kwa safu. Alhamisi akawa ametulia. Alikwenda mwenyewe kumwomba radhi binamu yake, na kitanda kikaenda msikitini. Nilimuuliza, ukiondoa hiyo milima na mabonde, kichwani pakoje tangu Oktoba. Akasema ni kama redio iliyokuwa ikikoroma kati ya stesheni mbili, sasa imeshika moja. Nilifurahi sana kusikia hivyo. Mwaka 2023 madaktari wa Melbourne, Australia, walichapisha utafiti wa watu 64: walioanzishiwa testosteroni mara moja, baada ya miezi 3 walikuwa na unyonge na mawazo ya kujiua machache kuliko waliosubiri foleni. Usiku uleule niliousoma nilimtumia ujumbe.

Nilimshauri asiongeze dozi wala asivute siku peke yake, bali ampelekee daktari wake hesabu yetu ya siku, iliyoandikwa. Mei walimhamishia kwenye jeli, mg 50 kila asubuhi, anapaka mabegani, ananawa mikono kwa sabuni na kuvaa shati ikikauka, watoto wasiiguse. Jeli haina siku ya 19.

Jumamosi tarehe 23 tulimsindikiza stendi ya Kange. Begani alikuwa na kanga ya bibi yake. Aliiinua akainusa, akaishikilia puani mpaka kondakta akaita mara ya pili. Macho makavu, mabega yanapanda na kushuka. Kaka yangu akamwekea mkono mgongoni hadi mlangoni mwa basi. Halafu mwanangu akarudi hatua mbili, akanipa tiketi na kalamu, nikamwandikia nyuma ya tiketi: Aprili 8, paja la kushoto.