Shilingi ya Mshahara wa Waziri

Kila mwaka, kuanzia Aprili hadi mwishoni mwa Juni, hufuatilia redioni matangazo ya Bunge kutoka Dodoma, na sehemu ninayoingoja zaidi ni pale Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi, yaani wabunge wote wakipitia makadirio ya wizara kifungu kwa kifungu. Katibu anapotaja kifungu chenye mshahara wa Waziri, mbunge husimama, akaeleza jinsi maji yasivyofika jimboni kwake, kisha akatamka kwamba asipopata maelezo ya kuridhisha atashika shilingi. Waziri hujibu, mbunge asiporidhika hutoa hoja ya kuondoa shilingi katika mshahara huo, wenzake wakachangia, na mwishowe ama huirudisha shilingi ama wabunge huiamua hoja hiyo kwa kura.

Shilingi yenyewe hainunui hata njiti ya kiberiti, lakini nyuma yake imesimama Ibara ya 63 ya Katiba ya mwaka 1977, inayowapa wabunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, yakiwamo ya kumuuliza Waziri swali, kujadili utekelezaji wa kila wizara katika mkutano wa bajeti, kutunga sheria na kuridhia mikataba. Madaraka hayo yana meno. Februari 2008, baada ya kamati teule kuwasilisha bungeni taarifa yake kuhusu mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu.

Linaloniumiza ni Ibara ya 90, inayomruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa kuidhinisha bajeti ya Serikali. Wanaoitetea husema kwamba Rais naye hurudi kwa wapiga kura, kwa kuwa Ibara ya 38 huhesabu kiti chake kuwa wazi Bunge linapovunjwa, na hoja hiyo nakiri ina uzito. Hata hivyo, mbunge hawezi kugombea bila kuteuliwa na chama, na Bajeti Kuu hupigiwa kura ya wazi, kila mmoja akiitwa kwa jina na kujibu mbele ya viongozi wa chama chake. Aliyeshika shilingi kwa ujasiri mwezi Mei atawezaje kutamka “Hapana” siku hiyo, ilhali neno hilo laweza kumgharimu kiti chake na viti vya wenzake wote? Ningependa ibara hiyo irekebishwe, ili bajeti ikikataliwa Serikali ilazimike kwanza kuileta upya ikiwa imefanyiwa marekebisho, kabla ya kuvunjwa kwa Bunge kufikiriwa.